Vidole Viwili

Alikuja Jumamosi, siku ya soko, kwa bodaboda kutoka Kyela,
suruali imekunjwa hadi magotini, soksi mfukoni,
na jaketi lake mwenyewe, jipya, bado lina karatasi ya bei.
Bwana Kihwelo, mkaguzi wa vyombo.
Kwao Kilolo, akasema,
huko maji ni ya kunywa na kumwagilia njegere,
hakuna anayeyapanda.

Akauliza jina la boti. Nikamwambia: Sijakopa.
Akaandika.
Akauliza urefu. Nikamwambia kamba anayo yeye.
Akapima toka omo hadi tezi,
akagonga mbao kama daktari agongavyo kifua cha mzee,
akanusa tangi la mafuta,
akapuliza filimbi; mbwa wote wa Lyulilo wakaitika.

Mtungi wa kuzimia moto: upo, umepitwa na muda.
Kasia la akiba: lipo.
Ndoo ya kutolea maji: ipo, ina samaki.
Jaketi okozi: kumi na mbili.
"Ziko wapi?"

Hapo akina mama wa Ikombe wakatazama mchanga.

Zimevaliwa na vyungu, Bwana.
Mawimbi ya ile kona ya mwamba hayana adabu,
chungu kikigusana na mwenziwe ni hasara ya wiki nzima;
kwa hiyo chungu huvaa jaketi, hufungwa kamba mbele,
na mwenye chungu hukaa ubaoni na kanga yake tupu,
amekishika kama mgonjwa.

Akafungua jaketi moja.
Ndani vumbi la udongo, na duara la kitako cha chungu
limejichora pale pale
panapotakiwa kukaa moyo.
Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kisha akatoa rangi nyeupe achore mstari:
maji yakifika hapa, basi, asipande mtu.
Nikamwonyesha fundo kwenye ubao wa tatu.
Boti hii ilikuwa ya baba. Baba hakujua leseni, alijua fundo.
Maji yakililamba, alisema tosha,
hata kama aliyebaki ufukweni ni mkwewe.
Mkaguzi akapima. Akapima tena.
Mstari ukaangukia chini ya fundo,
vidole viwili.

"Vidole viwili tu!" akasema shangazi Atuganile.
"Serikali nzima inatupunja vidole viwili?"

Mimi nilinyamaza.
Mwaka ule wa mvua ya mawe
vidole viwili vilipanda.
Nayajua majina yao.
Mmoja alikuwa na dumu la mawese, alikataa kuliachia.
Mwingine alikuwa hajaanza shule.

Leseni ilitoka baada ya safari tatu za Kyela,
naihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Abiria kumi na mmoja, nahodha mmoja.
Nahodha ni mimi, Tupokigwe,
ingawa kwenye karatasi wameandika "Bw."

Sasa vyungu vimerudi kwenye majani ya migomba
kama enzi za bibi.
Jumamosi ya kwanza vitatu vilipasuka kabla ya kona.
Nimelipa kimoja, viwili bado tunagombana.
Watu wamevaa. Wanalalamika joto, wanalalamika harufu ya moshi,
shangazi anasema jaketi linambana kifua kuliko ndoa.

Na jana Subilaga akaja wa mwisho, mtoto mgongoni.
Nikaitazama karatasi: haina mahali pa kuandika mgongo.
Nikahesabu vichwa, kumi na mmoja,
nikahesabu na kile kilicholala,
nikainama kuangalia rangi nyeupe.
Maji yalikuwa yanaionja.

Nikazima injini.
"Mmoja ashuke," nikasema.

Wote kimya,
wakaanza kutazama vyungu.